Maili: neno lililoanzia mguuni

Mbukwenyi! Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu wa Kiingereza mliotoka Bahi, Chamwino, Kondoa na Mpwapwa, poleni na safari. Vijana mliokosa viti, huku mbele kuna mkeka, njooni mkae, msione haya.

Nimeombwa nizungumze juu ya neno moja tu la Kiingereza, na nimechagua neno ambalo kila mmoja wetu hapa ameshalitamka bila kujiuliza. Mgeni akishuka stendi hapa Dodoma akamwambia bodaboda, "Nipeleke Maili Mbili," hakuna anayemuuliza ni maili mbili za wapi. Ni mtaa, una watu wake na maduka yake. Watu wa Kibaha wana Maili Moja yao, na ukitoka Moshi kwenda Boma Ng'ombe utapita Mailisita. Jina lenyewe linakwambia kwamba palikuwa na mtu aliyesimama katikati ya mji, akahesabu, na hesabu yake ikageuka kuwa anwani. Siku hizi mji umekua ukaimeza hesabu yenyewe, lakini jina limebaki. Neno linaloweza kufanya hivyo si neno dogo, na nadhani tunawafundisha watoto wetu nusu yake tu.

Tunawaambia: "mile" ni maili, na maili ni kilomita 1.6. Tunafuta ubao, tunaendelea. Nimefundisha hivyo miaka mingi, mpaka mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliponiuliza, "Mwalimu, kwa nini sita? Kwa nini wasingefanya mbili kamili?" Swali hilo sikulijibu siku ile. Nilikwenda kulitafutia jibu, na jibu nililolipata lilinitoa darasani kabisa.

Neno hili walilianzisha Warumi. Kwa Kilatini waliita "mille passus", maana yake hatua elfu moja. Hiyo "mille" ndiyo elfu, na ndiyo iliyozaa "mile". Lakini hatua ya Mrumi haikuwa hii yetu ya kutoa mguu mmoja. Yeye alihesabu mguu uleule unapogusa chini mara ya pili: kulia, kushoto, kulia, hapo ndipo hatua moja imetimia. Askari waliotembea nchi nzima kwa mpangilio mmoja walikuwa ndio kamba ya kupimia. Hatua elfu za namna hiyo zilifika karibu mita 1,480. Kwa hiyo neno tunaloliona la namba na vipimo lilianza likiwa neno la miguu ya watu wenye mzigo mgongoni.

Niliporudi darasani sikuandika kitu ubaoni. Niliwachukua wanafunzi wangu ishirini na wanne, tukatoka getini asubuhi kabla jua halijakali. Kila mmoja nilimpa kokoto kumi za kutia mfuko wa kushoto. Ukifika hatua mia moja, kwa hesabu ya mguu wa kulia peke yake, unahamisha kokoto moja kwenda mfuko wa kulia. Kokoto zikiisha kushoto, simama hapo hapo ulipo. Wakaondoka kwa kelele, wakacheka, wakasukumana, kisha baada ya kokoto ya pili hivi kukawa kimya. Unasikia vumbi tu chini ya viatu na midomo inayohesabu. Msichana mmoja mfupi, mwepesi wa akili kuliko wote darasani, alisimama kwenye kibanda cha mama muuza maandazi. Wengi walisimama karibu na mbuyu uliopo mbele ya kile kibanda. Mvulana mmoja mrefu kama mlingoti alipita mbuyu akaendelea, akaendelea, mpaka akawa mdogo machoni petu, ndipo akasimama akainua mkono. Wote walitembea hatua elfu moja. Wote walikuwa wakweli. Na kati ya yule wa kwanza na yule wa mwisho palikuwa na uwanja mzima wa mpira na zaidi.

Yule aliyeuliza kwa nini sita alikuwa amesimama chini ya mbuyu. Akasema, "Sasa tunamfuata nani?"

Hilo ndilo swali ambalo Waingereza nao walikaa nalo karne nyingi. Warumi walipoondoka kule kwao, maili ilibaki jina, urefu ukawa wa kila mahali na wake. Maili ya Ireland ilizidi mita 2,000. Wajerumani walikuwa na ya kwao iliyokaribia kilomita saba na nusu. Wasweden mpaka leo wanasema "mil" wakimaanisha kilomita kumi kamili, kwa hiyo akikwambia kwao ni "mil" tatu, usifunge viatu ukadhani ni mwendo wa saa moja.

Uingereza walikata shauri mwaka 1593, wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza. Na hapa, watu wa Dodoma mliozoea mambo ya viwanja na mipango miji, nisikilizeni vizuri. Sheria iliyoiweka maili sawa haikutungwa kwa ajili ya wasafiri wala askari. Ilikuwa sheria ya kuzuia watu kujenga nyumba mpya ndani ya maili tatu kutoka malango ya London. Ukishamkataza mtu kujenga ndani ya maili tatu, lazima umwambie maili ni nini, la sivyo kila mwenye kiwanja atakuja na mguu wake. Wakaandika kwamba maili ni "furlong" nane, yaani futi 5,280.

Na hiyo "furlong" ni nini? Ni neno la shambani: urefu wa mkato mmoja wa plau, pale ng'ombe wanapofika ukingoni na kugeuzwa. Mnaolima kwa ng'ombe huku kwetu mnaujua urefu huo bila kuupima, mnausikia kwenye pumzi ya dume linaloongoza. Mkulima wa Kiingereza alikuwa na urefu wake wa plau, serikali ilikuwa na maili yake ya Kirumi iliyokuwa na futi 5,000. Kati ya kubadilisha mashamba ya watu na kubadilisha maili, wakaona heri kuivuta maili. Ndiyo maana namba ikawa mbaya, 5,280, isiyogawanyika kwa urahisi kichwani. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza na nchi nyingine chache zinazozungumza Kiingereza zikakubaliana yadi iwe mita 0.9144 kamili, na kwa hesabu hiyo maili ikawa mita 1,609.344. Basi mtoto akikuuliza kwa nini sita, mwambie: kwa sababu ya askari wa Roma na ng'ombe wa Uingereza kutokulingana hatua.

Sasa neno lenyewe lilivyofika kwetu. Waliolipokea hawakulisoma kitabuni, walilisikia. Lingepokewa kwa macho tungekuwa leo tunasema "mile", mi-le. Wao walisikia sauti wakaandika maili, wakaliweka pamoja na nyumba na ndizi, halibadiliki wingi: maili moja, maili tano, maili hii, maili hizi. Hapo pana mtego mmoja wa darasani ambao wenzangu mnaujua. Kwa Kiingereza maili tano zina "s" mwishoni, lakini safari ya maili tano, ukisema "a five-mile walk", ile "s" inaanguka. Watoto wetu wanaikosea kila mwaka kwenye mtihani. Mimi huwaambia: hapo Mwingereza anafanya kama Mswahili, anaacha maili kama ilivyo. Wanaishika.

Lakini barabara za hapa hazikuanza na maili. Reli ya Kati waliijenga Wajerumani, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, nao walipima kwa kilomita. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Waingereza na maili zao. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi kwenye genge la reli upande wa Kikombo. Nyapara alikuwa akiwagawia kila genge sehemu yake ya njia, na babu aliiita sehemu ile "maili zangu". Hakusema reli, hakusema kazi. "Naenda kuangalia maili zangu." Alijua kila taruma lililolegea, kila mahali ambapo maji ya mvua yanakula tuta. Nchi iliporudi kwenye kilomita, yeye hakurudi. Alipokuwa mzee asiyeona vizuri, treni ikipiga honi usiku alikuwa anakaa kitandani akisikiliza, kisha anasema, "Imeingia kwenye maili zangu." Nilikuwa mdogo, nikidhani maili ni kitu kinachomilikiwa kama mbuzi.

Na kabla ya reli? Hapa Ugogo palipita misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, wote wakiandika maili daftarini. Wapagazi waliobeba mizigo ile, frasila mbili mbili, karibu kilo thelathini kila mtu, hawakuwa na haja ya maili. Wao walipima kwa kambi na kwa maji. Kati ya Chunyo na Ugogo palikuwa na nyika isiyo na maji mazuri iliyoitwa Marenga Mkali. Kuivuka, msafara uliondoka baada ya adhuhuri, ukatembea mpaka giza, ukalala bila kisima, ukaamka usiku kuyakimbilia maji ya upande wa pili. Mwendo huo ulikuwa na jina lake, wageni waliuandika "tirikeza" au "terekeza". Neno moja lilikuwa limebeba umbali, kiu, na saa ya kuondoka. Maili haikuweza kumwambia mpagazi hayo. Maili za njia yenye visima na maili za Marenga Mkali kwenye daftari la mzungu zilikuwa sawa.

Nasema hivi kwa sababu nataka tuelewe kwamba Mwingereza naye hajaridhika na maili ya namba. Amelichukua neno lake akalitumia kwa mambo ambayo hayana barabara. Mtu akiwa amekaa mbele yako mawazo hayapo, watasema yuko "miles away". Jambo lililo bora kuliko jingine kwa wazi wanasema limelizidi kwa maili nyingi. Anayeongea bila kumeza mate wanasema anaongea maili kwa dakika, na sisi tunasema anaongea kama cherehani. Sisi hatutumii maili kwa hayo, na hatuna sababu ya kuanza. Kwa Kiswahili vitu viwili visivyofanana viko mbali kama mbingu na ardhi, na mtu ambaye mawazo hayapo, hayupo, basi.

Tena angalia umbali wenyewe tunavyoupima mdomoni. Muulize mzee wa Bahi njiani, "Babu, kwa fulani ni mbali?" Kama ni karibu atasema "hapo". Kama ni mwendo kidogo atasema "pale". Ikiwa ni safari ya kubeba maji atainua kidevu, ataangalia upeo wa macho, atasema "kuleee", na urefu wa ile sauti ndio urefu wa njia. Nimewahi kutembea saa mbili kwa ajili ya "kule" ambayo niliisikiliza vibaya. Huwezi kukiandika kipimo hicho kwenye kibao cha barabarani, lakini mtoto wa miaka minne anakijua.

Kuna msemo wa Kiingereza kwamba ukimpa mtu inchi atachukua maili. Wengi wetu tunautafsiri neno kwa neno. Hakuna haja, kwani Kiswahili kina wa kwake wa zamani: ukimpa shibiri, huchukua pima. Tena nikafurahi sana nilipojua kwamba Waingereza wa zamani hawakusema maili hapo. Walisema "ell", kipimo cha kitambaa, cha inchi 45. Nasi shibiri, dhiraa na pima ni vipimo vya nguo, vilivyopimwa mkononi na begani dukani pwani, na nguo hizo ndizo zilizolipwa hongo kwa watemi wa Ugogo ili msafara upite. Watu wawili walioishi mbali, wasiojuana, walimwona mteja yuleyule mbele ya meza ya kitambaa, wakasema jambo moja. Maili iliingia baadaye ikaharibu picha. Inchi na "ell" ni nguo, inchi na maili si nguo wala njia.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Siku hizi kwenye hotuba zetu kumeingia "maili ya ziada". Twende maili ya ziada, watumishi waende maili ya ziada. Nilikuwa kwenye mkutano mmoja wa kijiji wilayani Chamwino, ofisa akaisema mara tatu kuhusu ujenzi wa darasa. Mama mmoja mtu mzima, kanga kichwani, akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu kabisa: "Mwanangu, hiyo maili ya ziada ni ya kwenda wapi?" Watu hawakucheka. Walikuwa wanasubiri jibu, kwa sababu kwao maji yalikuwa mbali na maili ya ziada ni jambo la kweli, ni ndoo kichwani.

Na jibu lipo, tena liko kwenye Biblia ya Kiswahili ambayo mama yule bila shaka anayo. Mathayo sura ya 5, mstari wa 41: mtu akikulazimisha mwendo wa maili moja, nenda naye mbili. Waliosikiliza maneno hayo mara ya kwanza walikuwa chini ya Warumi, na askari wa Kirumi aliweza kumkamata mwananchi njiani akamlazimisha abebe mzigo. Kwa hiyo maili ya kwanza ni ya kulazimishwa, na ile ya pili ni ya hiari. Hapo ndipo nguvu ya msemo ilipo. Ukimwambia mtu "maili ya ziada" bila kumwambia ya kwanza ilikuwa ya nani, umempa mzigo bila kumpa heshima ya kuuchagua. Ofisa yule angesema tu, "Tuongeze nguvu zaidi ya tulichopangiwa," au "Tujitolee," na mama yule angemwelewa. Au angesimulia ule mstari mzima. Ugogo, mahali ambapo mababu walibeba mizigo ya watu, mstari ule ungeeleweka vizuri kuliko mahali pengi duniani.

Lingine ni "milestone". Zamani lilikuwa jiwe kweli, limesimikwa kando ya njia kuonyesha maili imetimia. Sasa ni tukio kubwa katika safari ya mtu au nchi. Wapo wanaoandika "jiwe la maili" kwenye ripoti. Lakini Mswahili wa kawaida, bila kufundishwa na mtu, husema "hii ni hatua kubwa". Hatua! Amelirudisha neno kule kule lilikotoka, kwenye mguu wa yule Mrumi, bila hata kumjua. Ninawasihi wanaotafsiri, waacheni watu na hatua yao.

"Maileji" siiombei ifutwe, maana imeshakuwa yetu. Ukienda kununua gari lililotumika, dalali atakwambia, "Lina maileji ndogo, kilomita elfu themanini tu." Maili imekaa ndani ya jina, kilomita imekaa kwenye dashibodi, na wote wawili mnaelewana. Baharini nako maili ni nyingine, ya mita 1,852, inayotokana na umbo la dunia yenyewe. Sheria ya bahari inaipa nchi maili 12 za maji yake na maili 200 za ukanda wa uchumi. Hilo nawaachia walimu wa Jiografia.

Lakini siwezi kushuka hapa bila kumtaja mwanariadha wetu Filbert Bayi. Vijana, mnamjua kwa mita 1,500, Christchurch, mwaka 1974. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0, rekodi ya dunia. Mwingereza Roger Bannister alikuwa ameikimbia maili chini ya dakika nne mwaka 1954 pale Oxford, dunia ikashangaa. Miaka 21 baadaye Mtanzania aliishika maili ya Waingereza mkononi. Piga hesabu: karibu mita saba kila sekunde, mizunguko minne ya uwanja na mita tisa juu yake, akiwa mbele tangu mwanzo bila kumwachia mtu. Rekodi hiyo ilidumu mpaka Agosti mwaka uleule. Na mpaka leo maili ndiyo mbio pekee isiyo ya mita ambayo riadha ya dunia inaitunzia rekodi. Mnapofundisha neno hili, fundisheni na hilo. Lina jina la mtu wetu ndani yake.

Sasa hivi tukitaka kwenda Dar es Salaam, kilomita kama 450, tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024 hakuna anayetaja kilomita. Tunasema ni saa tatu na kitu. Tumerudi kwa wapagazi, tunapima kwa muda na kwa jinsi tutakavyochoka. Babu yangu angeketi kitandani kusikiliza, na treni ile ingepita maili zake zote kabla hajamaliza sentensi.

Nimeshaongea sana na jua linashuka. Kesho asubuhi saa kumi na mbili na nusu, wenye viatu vya kutembelea tukutane getini. Hesabu ni ya mguu wa kulia. Kokoto nitaleta mimi.